Pumzi za Tangi la Tatu

Msinicheke. Mimi ni mtu wa boila, kazi yangu moto na mvuke, mambo ya mizimu sikuwa nayo kabisa. Lakini tangi la tatu lilikuwa linapumua, na pumzi zile nilizijua.

Kiwandani kwetu tunachukua maganda ya mihogo, tunayasaga, tunayapika, kisha tunayatia bakteria. Wanakula sukari, wanatoa asidi, ileile inayochachusha maziwa. Asidi ikizidi inawaua wenyewe, kwa hiyo kila saa mbili mtu anamwaga ndoo moja ya unga wa chokaa kupunguza makali. Chokaa ikikutana na asidi, povu linapanda na tangi linafoka.

Bakteria hao hatukuwanunua. Aliwatunza Fundi Mbegu, rafiki yangu, miaka kumi na mmoja: kila tangi likiiva, anachota ndoo moja iwe mbegu ya kuanzishia jingine. Alikuwa na pumu. Alipofariki, mkewe, tuliyemwita Mama Chokaa, alishika kazi yake, na siku ya tatu akaniita.

"Shemeji, hebu njoo usikilize."

Nikaenda huku namtania kwamba upweke umemzidi. Akamwaga chokaa. Haki ya Mungu, nilisikia mtu mwenye pumu akivuta pumzi!

Basi akawa habanduki pale. Chakula anakula pale, habari za watoto anamsimulia mumewe pale. Tukamwacha tu, nani angekuwa na moyo wa kumkataza?

Mwezi wa pili asidi ikaanza kupungua. Mpimaji wetu, dada mmoja asiyetaka porojo, alichukua sampuli akarudi amekunja uso.

"Vijidudu vingine vimeingia. Mbegu imeharibika, hata ile ya akiba. Tangi lipigwe mvuke kuua vyote vilivyomo, tuagize mbegu mpya." Akamgeukia Mama Chokaa. "Mama, unamwaga ndoo ngapi?"

"Moja."

"Mbona magunia yameisha mapema hivi?"

Akajibu, macho chini, "Moja ni ya tangi. Mbili zangu. Nilitaka apumue kidogo zaidi."

Ndiyo hivyo. Chokaa ilizidi, asidi ikapoa, wageni wakapata nafasi. Mbegu ya mumewe aliiua mwenyewe kwa mapenzi. Iliniuma, jamani, na mpaka leo inaniuma.

Nilishika vali ya mvuke, nikashindwa kuifungua. Mama Chokaa akanisukuma kando.

"Toka, shemeji. Siku ile hospitali aliniambia, nenda kalishe tangi, lisishinde na njaa. Nikaenda. Alikata roho mimi niko hapa, ndoo mkononi."

Akafungua vali. Tangi likakoroma, likatweta. Yeye alisimama ameshika ngazi, akimwita mumewe kwa jina, polepole, mpaka likanyamaza kabisa.

"Haya," akaniambia, "safari hii nilikuwepo."