Walinikuta Nimelala Kwenye Kontena la Kuku

Walinikuta nimelala kwenye kontena la baridi la jikoni, juu ya maboksi ya kuku, koti nimelifunga mpaka kidevuni na bunduki nimeikumbatia.

Nje jua la jangwani lilikuwa linaunguza. Na mimi muda huo nilitakiwa niwe juu ya mnara, lindoni.

Aliyefungua mlango ni Sajenti Osgood Kittredge, mkuu wa kikosi chetu kidogo cha mota. Akanitazama. Nilitegemea matusi, hayakuja.

"Haskew, amka," akasema. "Safari hii sikufichi."

Ilikuwa mara ya tatu naacha lindo. Kuacha lindo ukiwa ugenini na silaha mkononi si jambo la kuchekewa. Nikarudishwa Marekani chini ya ulinzi, nikavuliwa magwanda, na kwenye cheti changu cha kuagana na jeshi wakaandika kwamba nimeondolewa kwa masharti yasiyo ya heshima.

Kambi nzima ilicheka. Walidhani nilikimbia joto.

Sikukimbia joto, jamani. Nilikimbia mwanga na kelele.

Naitwa Lonnie Haskew, mtoto wa Oklahoma, na kazi yangu jeshini ilikuwa mota. Kama hujawahi kuiona, ni bomba la chuma limesimamishwa. Unatumbukiza kombora kwa juu, unainama, linaondoka. Ila kichwa chako hakiondoki. Kinabaki pale pale jirani na mdomo wa bomba, na kila linapolia unausikia mlio mpaka kwenye meno. Asubuhi mpaka jioni, wiki kwa wiki, vitani na mazoezini.

Kichwa changu kikaanza kunigeuka taratibu. Kwanza mwanga. Halafu kelele, mtu akigonga kijiko kwenye sahani natamani kutapika. Halafu nikaanza kusahau jina la mtu niliyekaa naye meza moja.

"Sasa kwa nini hukwenda hospitali?" Kila mtu ananiuliza hilo, na wote waliowahi kuniuliza hawajawahi kubeba mota.

Kwetu sisi, ukienda kwa daktari anakupa karatasi ya kupumzika. Ukipumzika, bomba linabaki na mtu pungufu, na ile sahani nzito ya chuma inayokaa chini ya bomba, uliyokuwa unabeba wewe, anabebeshwa mwenzako. Kuanzia siku hiyo jina lako ni mtegaji, mkwepa kazi. Hata kwenye foleni ya chakula watakuita hivyo.

Siku moja nilijaribu kumwambia Kittredge.

"Afande, kichwa kinaniuma."

"Vizuri," akanijibu. "Maana yake kipo."

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Tangu hapo sikusema tena. Nikatafuta sehemu yenye giza, baridi na ukimya, na kambi nzima ilikuwa na moja tu. Ile ya kuku.

Kosa lenyewe kubwa nililifanya siku ya kuondoka.

Tulikuwa ukumbi mzima wa watu tunaoagana na jeshi, kila mmoja kapewa maswali ya afya. Mgongo unauma? Masikio? Kichwa? Akapita koplo mmoja mzoefu, anaongea kwa chini.

"Wanangu, ukijibu ndiyo hata moja unabaki hapa kusubiri vipimo mpaka uote mizizi. Jibu hapana kote, Ijumaa unakula kwa mama yako."

Tukajibu hapana kote. Jirani yangu alikuwa anatembelea magongo, na kwenye swali la goti akaandika hapana. Tulikuwa tunataka kwenda nyumbani, basi.

Nyumbani nikapata kazi ya matairi kwa mzee mmoja anaitwa Dub Castleberry. Ile bunduki ya upepo ya kufungulia nati ikilia, nashika ukuta. Nilivaa miwani myeusi na pamba masikioni, wateja wakajua mimi ni mlevi. Dub mwenyewe alikuwa ananisogezea kahawa kila asubuhi ananiambia, "Punguza, kijana." Nilichoka kumweleza, nikawa naipokea tu.

Kwenye nyumba yetu mapazia hayakufunguliwa. Mke wangu Leta alivumilia sana, mpaka siku moja akiwa anapika soseji jikoni gizani akaweka mwiko chini.

"Lonnie, sijui tena kama nimeolewa na mtu au na pazia."

"Nitakwenda hospitali ya wanajeshi wastaafu," nikamwambia. "Wale wanavijua vichwa vya namna hii."

Nilikwenda. Dada wa dirishani akasoma cheti changu, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Samahani sana, kaka. Kwa cheti hiki siwezi kukufungulia faili. Kata rufaa kwanza, wakikirekebisha urudi."

Hapo ndipo nilipoona shimo nililomo.

Ili nitibiwe, lazima cheti kirekebishwe. Ili kirekebishwe, lazima nithibitishe kwamba nilipoacha lindo nilikuwa mgonjwa. Ili nithibitishe, nahitaji daktari anipime, na hospitali binafsi kwa mshahara wa matairi ni ndoto. Kila mlango niliogusa ulinirudisha kwenye ule wa kwanza, na kichwa kilikuwa hakisubiri. Kuna siku nilimwita Leta kwa jina la dada yangu, akageuka akaenda kulia bafuni.

Nikaenda kwenye ukumbi wa wanajeshi wa zamani pale mjini. Kuna mama mmoja anaitwa Verna Tully, aliwahi kuwa karani jeshini, sasa anawasaidia watu na rufaa bila malipo. Ana sauti ya sigara na hana huruma ya bure.

"Nani alikuona ukiumwa, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Nilificha."

"Ulificha vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi ulijifanyia kazi nzuri ya kujimaliza." Akavuta kiti karibu. "Aliyekukuta kwenye kuku ni nani?"

"Kittredge. Yule ndiye aliyenichoma."

"Huyo ndiye shahidi wako."

Nilidhani anatania. "Mama, yule mtu alinitoa jeshini. Ukimwita atanizika kabisa."

"Kwani sasa hivi uko juu ya ardhi?"

Akamwandikia. Kittredge alikuwa bado jeshini, amepanda cheo, anafundisha vijana mota. Nilijua hatajibu. Akajibu kwa mstari mmoja kwamba atakuwepo, na hofu yangu ikaongezeka maradufu.

Kesi ilisikilizwa kwa njia ya video, mimi na Mama Verna tumekaa kwenye chumba cha maktaba ya wilaya, taa za dari zinanichoma macho. Bodi ya rufaa ilikuwa na watu watatu, anayeongoza ni mwanamke, Kanali Ashcombe. Alikuwa mpole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Bwana Haskew, siku ya kuondoka uliulizwa kama una maumivu ya kichwa. Ulijibu nini?"

"Nilijibu hapana, afande."

"Ulikuwa unasema ukweli?"

"Hapana, afande."

"Sasa leo tutajuaje kwamba unasema ukweli?"

Nilieleza habari ya koplo na ya Ijumaa, nikajisikia jinsi ninavyosikika, mtu mzima anajitetea kama mwanafunzi aliyekamatwa na majibu. Mama Verna alikuwa anaangalia meza. Leta alikuwa nje kwenye gari, na nilishaanza kupanga nitamwambiaje kwamba imeshindikana.

Wakamwita shahidi.

Kittredge akatokea kwenye kioo, amezeeka kuliko umri wake. Nyuma yake giza tupu.

"Sajenti, tunaomba uwashe taa tukuone," Kanali akamwambia.

"Naomba mniache hivi hivi, afande. Nasikia vizuri."

Wakamsomea ripoti yake mwenyewe. Akakubali kwamba ni yake, kila neno. Nikasema moyoni, haya, kwisha.

Kanali akauliza swali ambalo hata mimi miaka yote sikuwahi kujiuliza.

"Mnara uko upande mmoja wa kambi na jiko upande wa pili. Ulijuaje kwamba atakuwa kwenye kontena?"

Kittredge akasogea karibu na kamera.

"Sikujua, afande. Sikuwa namtafuta."

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Kulala."

Nilisikia Mama Verna anavuta pumzi.

"Kichwa changu kilikuwa kinapasuka," Kittredge akaendelea. "Nilikuwa naenda pale tangu Haskew hajaletwa kwenye kikosi changu. Siku ile nilifungua mlango nikakuta nafasi yangu ina mtu. Alikuwa mgonjwa. Najua alikuwa mgonjwa kwa sababu nilikuwa na ugonjwa ule ule, na nilimfundisha mimi mwenyewe kuunyamazia."

"Sajenti, unaelewa kwamba kwa maneno haya unaweza kuondolewa kwenye kazi yako?"

"Naelewa, afande. Ndiyo maana ilinichukua miaka sita."

Nikakumbuka vitu vingi kwa mpigo. Miwani yake myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya hema, sisi tukasema anaringa. Kila jioni alivyokuwa anatutoroka. Hata masihara yake yale ya kichwa kuwepo, kumbe alikuwa anajisemea mwenyewe.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Cheti changu kimerekebishwa, nimeondoka kwa masharti ya heshima. Leta alisoma, akasoma tena, akaenda kufungua pazia, akakumbuka, akalifunga. Tukacheka mpaka tukalia.

Hospitali wakanifungulia faili. Nina daktari, nina dawa, nina miwani maalumu. Sijapona, lakini majina ya watu wangu wa nyumbani siyachanganyi tena.

Nikaona si uungwana kukaa kimya. Nikampigia Kittredge nimshukuru. Walikuwa wameshamtoa kwenye mota, wamemkalisha ofisini anasubiri kupimwa.

"Asante, afande. Umeniokoa."

"Usinishukuru, Haskew." Akaendelea. "Mara mbili za mwanzo ulipokosekana mnarani nilikuficha, bila kujua ulikojificha. Ya tatu nikakuripoti. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa ya tatu."

"Hapana. Mpishi alishashtuka. Alikuta maboksi yamebonyea akaenda kulalamika, na walikuwa wanapanga kumtegea anayeingia mle. Nikaona apatikane mtu mmoja, waridhike, waache kuchunguza." Halafu akamalizia. "Nilikutoa wewe ili wasinifikie mimi."

Damu ilinipanda mpaka nikaona giza. Nilifikiria mapazia, kahawa ya Dub, Leta analia bafuni.

Nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Baada ya mimi kuondoka, uliendelea kwenda?"

"Kila siku," akasema. "Mpaka tuliporudi nyumbani."

Nikakata simu.

Mnaouliza kama nimemsamehe, sijamsamehe, na sitawadanganya hapa ili nionekane mtu mwema. Kuna siku naamka nataka kumpigia nimtukane vizuri.

Lakini juzi Mama Verna kanipigia. Kittredge naye ameomba atambuliwe kwamba kichwa chake kiliharibikia kazini, na wamemwambia hana ushahidi. Kwenye rekodi zake zote, tangu ameingia jeshini, kila swali la afya kajibu hapana. Anahitaji mtu aliyekuwa naye kambini, atakayeeleza alivyokuwa. Wale wenzetu wengine wote wamemkwepa, hakuna anayetaka kuitwa mtegaji.

Leta aliniuliza, "Utakwenda?"

Nikamwambia nitakwenda. Nitawaambia habari ya miwani ndani ya hema. Nitasema na alichonifanyia, maana ni ukweli ule ule, siwezi kuukata nikatoa kipande kimoja.

Wewe unayesoma hapa na kuna kitu kinakuuma, iwe jeshini, kiwandani au popote wanapokusifu kwa kujikaza, nenda kaseme leo kwa mtu mwenye kazi ya kukusikiliza. Wakikuita mtegaji, waache wakuite. Ukinyamaza, siku ukizidiwa utatafuta shahidi wa maumivu yako, na huenda aliyebaki ni yule yule aliyekuuza.