Nilinyoosha Mkono kwa Chumba cha Kuzalia, Mama Akanigeuzia Uso

Asalaam alaikum admin, na nyote mnaosoma hapa. Majina nimeyabadilisha na kijiji sikitaji, maana huku kwetu kaskazini Unguja ukikohoa tu jirani anajua umekula nini. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nina mume, nina watoto watatu, wa mwisho anasoma darasa la tatu. Nnakaa na mama yangu mzazi. Tangu mkutano ule wa kituo cha afya situlii. Nikikaa nnainuka, nikiinuka sijui nnakwenda wapi. Juzi nimetia chumvi kwenye chai ya watu.

Mama anaumwa sukari. Kila mwezi anakwenda kliniki mjini, anatoka alfajiri, anakaa foleni, anarudi miguu imevimba. Mwaka jana alikatwa kidole cha mguu. Mimi nimo kwenye kamati ya afya ya kituo chetu. Daktari alipotwambia kwamba kituo kitaongezewa huduma moja tu, ama kliniki ya sukari na presha, ama chumba cha kuzalia, na kwamba kamati ndiyo itakayochagua, mama alinishika mkono jikoni. "Mwanangu, ukikaa na wakubwa hao, nikumbuke. Mjini nshachoka." Nikamjibu, "Inshaallah, mama." Na wallahi moyoni nilikuwa nshamaliza, kura yangu ni ya mama.

Kabla ya mkutano, jirani yangu Zuhura alishikwa na uchungu mchana. Mimba yake ya kwanza, mumewe yuko kazini hotelini Kendwa. Kituo chetu hakizalishi, muuguzi akasema apelekwe mjini haraka. Tukapata gari ya jirani, nikakaa naye nyuma nimempakata. Hatukufika. Dereva alisimamisha gari pembeni mwa njia, wanawake wawili waliokuwa wakipita wakatusitiri kwa khanga zao, na mtoto akazaliwa pale pale kwenye kiti. Wa kiume, nywele tele. Zuhura akaniuliza, "Dada, mbona halii?" Nikamsugua mgongo, nikampulizia, nikamsugua tena. Hakulia.

Mkutano ulifanyika uwanja wa skuli, wanakijiji wote wamealikwa. Mama naye alikuja, kavaa baibui lake jipya, kakaa mbele. Watu walizungumza sana. Wazee wakasema wao ndio wengi wanaohangaika na dawa, kina mama wakasema habari ya Zuhura. Wanakamati tukaambiwa tunyooshe mikono. Ikalingana. Sheha, kiongozi wa kijiji chetu, akanigeukia mimi. "Bi mdogo, wewe hujanyoosha popote. Amua, watu wanakusubiri." Nikamtazama mama. Alikuwa ananitikisia kichwa huku anatabasamu, hana wasiwasi hata kidogo. Sheha akauliza tena, "Chumba cha kuzalia?" Nikanyoosha mkono.

Tulipofika nyumbani akavua baibui, akalikunja taratibu, akasema, "Mimi nshazaa. Chumba hicho si changu." Basi. Toka siku ile ananijibu salamu tu. Kaka yangu anayekaa Amani, mjini, alinipigia simu huku anafoka. "Umemwacha mama kwa ajili ya watu baki?" Nikamweleza ya Zuhura. Akaniuliza, "Zuhura kakuzaa?" Akakata simu.

Sikukaa kimya. Nimemfuata daktari wetu mara nyingi mpaka akiniona kwa mbali anacheka. Mwisho akakubali kupima sukari siku moja kwa wiki, wazee wasisumbuke kwa kipimo. Dawa lakini bado wazifuate mjini, kwa sababu hapa haziletwi. Nikakimbia nyumbani kumpa mama habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Siku moja? Na sukari yenyewe itanipumzisha hizo siku sita?" Akageukia ukutani.

Sasa kliniki ya mwezi uliopita hakwenda. Dawa zimekwisha. Nikimbembeleza ananambia miguu yake si ya gari tena, na anayetaka yeye azikwe mapema, basi atamzika. Kidonda kipya kimeanza karibu na kisigino, anakificha na soksi. Nimekiona alipokuwa anatawadha.

Haya, sikizeni hili ambalo hakuna anayelijua ila mume wangu na muuguzi. Wiki iliyopita nilikwenda kituoni, nnaumwa kichwa na kichefuchefu, nikidhani ni haya mawazo. Muuguzi akanipima, akatabasamu. "Hongera. Basi chumba kile utakifungua wewe." Nina mimba. Wallahi nilipokuwa naunyoosha mkono ule sikujua! Nilidhani mambo ya kuzaa nshamaliza. Lakini nani ataniamini? Msingi wa chumba umeshachimbwa, kila nikipita mafundi wananisalimia kwa furaha, na mimi nnajikusanya ndani ya baibui kama mwizi. Kaka atasema nilijichagulia mwenyewe. Mama hatasema kitu, na hilo ndilo nnaloliogopa zaidi.

Wala sijutii kumpigia kura Zuhura na wenziwe. Nikifumba macho nnamsikia akiniuliza mbona mwanawe halii. Nikiyafumbua nnaiona soksi ya mama. Mume wangu ananambia, "Nyamaza kwanza, apoe." Atapoa vipi na tumbo linakua?

Alhamisi ni siku ya kliniki yake mjini. Nataka aende, hata ikiwa nimbebe. Nikimwambia habari ya mimba kabla ya Alhamisi, huenda akakataa gari na dawa moja kwa moja. Nikimficha, akaja kuambiwa na mtu mwengine, nitakuwa nimempoteza nikiwa naye chumba kimoja. Nyinyi mliowahi kugombana na mama zenu mkapatana, na nyinyi wazee mnaoumwa sukari mnaosoma haya, nipeni maneno ya kumwambia. Nianze na lipi, dawa zake au tumbo langu?