Amiba Ambazo Salimou Hakuziona

Kwa miaka kumi na mmoja kazi ya Salimou ilikuwa kusimama nyuma ya daktari. Daktari Mfaransa akinyoosha mkono, yeye humpa mkasi. Daktari akiuliza, yeye humweleza mgonjwa kwa lugha ya nyumbani. Kisha visiwa vya Komoro vikapata uhuru, Wafaransa wakafunga masanduku yao, na kabla mwaka 1975 haujakwisha, zahanati ile ndogo ya Mutsamudu, iliyo juu ya ngazi za mawe, ikabaki mikononi mwake. Watu wakaanza kumwita daktari. Mara ya kwanza aliwasahihisha. Mara ya pili alinyamaza.

Hadubini iliyoachwa pale lenzi zake zilikuwa zimeota ukungu, na ukichungulia huoni ila giza la rangi ya chai. Salimou hakumwambia mtu. Mgonjwa akileta choo chenye damu, huinama juu ya hadubini, hufumba jicho moja, huhesabu moyoni mpaka ishirini, kisha huandika kwenye daftari la wagonjwa: amiba. Mara nyingi alipatia, maana amiba zilikuwa tele mjini. Kupatia huko ndiko kulikomponza.

Rahmati aliletwa mapema mwaka 1976, akiwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Mroivili, alikuwa mpakuzi wa shehena bandarini. Mama yake, Moinahalima, ndiye aliyempandisha zile ngazi, wakipumzika kila baada ya hatua chache.

"Anahara damu, daktari. Mwezi wa pili sasa."

Salimou aliinama, akahesabu, akaandika amiba, akatoa vidonge. Akaagiza pia mtoto asile chochote isipokuwa maji ya wali mpaka tumbo litulie. Damu ilipungua kidogo, ikarudi. Walikuja tena mwezi wa Mei, wakaja baada ya Ramadhani, wakaja mwaka mwingine ulipoingia. Kila mara neno ni lile lile na vidonge ni vile vile. Mara ya nne alimgombeza Moinahalima mbele ya wagonjwa wote kwenye benchi.

"Huyu mnamlisha uchafu! Mikono hamnawi? Dawa zangu zinawaponya watu wote, yeye ana nini?"

Moinahalima alijifunika shuka lake la shiromani mpaka machoni, akamshika binti yake mkono, wakateremka. Hawakurudi.

Wakati huo ulikuwa wa utawala wa Rais Ali Soilih, na kamati za vijana ndizo zilizokuwa na sauti mitaani. Mwezi wa Aprili 1977 kamati ya mtaa iliita watu wakachimbe mtaro wa maji juu ya mji. Rahmati hakwenda. Mouhidine, kijana aliyeongoza kamati, alikuja zahanati na karatasi yake.

"Binti ya Mroivili anasema anaumwa. Ni kweli au ni uvivu?"

Salimou aliifikiria kazi yake. Watumishi wa serikali walikuwa wanafukuzwa kwa mamia, na yeye hakutaka kuonekana mtu wa kuficha wavivu. Tena, angesema bado anaumwa, angeulizwa kwa nini dawa zake hazijamponya.

"Alikuwa na amiba," alisema. "Nimeshamtibu. Amepona."

Kesho yake vijana wa kamati wakamtoa Rahmati nyumbani, wakampeleka mtaroni. Aliomba ruhusa ya kwenda pembeni mara mbili, akaambiwa anategea kazi. Mara ya tatu hakupata hata muda wa kuomba. Alichafuka pale pale mtaroni, damu na kinyesi vikamtiririka miguuni, mbele ya wavulana aliosoma nao. Kuna waliocheka. Mwanamke mmoja alivua khanga yake akamfunga kiunoni, akamrudisha nyumbani kwa vichochoro.

Salimou alisikia habari hiyo kinyozini. Alishusha macho, akamwambia kinyozi aendelee kunyoa.

Mwezi wa Juni zahanati ilipata mtu mpya. Sittou alikuwa mmoja wa wale Wakomoro waliorudishwa kutoka mji wa Majunga, ng'ambo, baada ya wenzao wengi kuuawa kule, na huko alikuwa akifanya kazi katika maabara ya hospitali. Alikuja na khanga mbili na mtoto mchanga. Siku ya kwanza aliifungua hadubini, akazipangusa lenzi kwa pamba na spiriti asubuhi nzima, akachungulia. Kisha alimtazama Salimou, na Salimou akajua kwamba amejua.

Sittou ndiye aliyesikia habari za Rahmati kwa wanawake wa mtaani, akamfuata nyumbani. Alirudi na kichupa cha choo mkononi na uso uliokunjamana, akatia tone chini ya hadubini.

"Kaka Salimou, njoo uangalie."

Aliangalia. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili aliona kitu: chembe za damu, usaha mwingi, na hakuna amiba hata moja.

"Ana vidonda mdomoni," alisema Sittou, "na magoti yanamuuma. Ana miaka kumi na mitatu, mdogo wake wa miaka kumi amemzidi kimo. Majunga nilimwona mvulana wa namna hii. Zile mara nne, wewe uliona nini humu?"

Angeweza kudanganya.

"Sikuona kitu," alisema. "Hadubini haikuwa inaonyesha."

"Basi usiniambie mimi. Kawaambie wenyewe."

Alikwenda Ijumaa baada ya sala. Mroivili alimkaribisha mkekani, Moinahalima akasimama mlangoni, na nyuma ya pazia Salimou alimsikia mtoto akikohoa. Alieleza yote: lenzi, kuhesabu mpaka ishirini, jibu alilompa Mouhidine. Alitaraji kupigwa, na huenda angependa apigwe.

"Ungesema tu hujui," alisema Mroivili, "mwaka jana ningempeleka Moroni. Sisi tulikuwa tunamsema mtoto."

Moinahalima alisema jambo moja tu. "Nilimnyima chakula, Salimou. Alikuwa analia njaa, nami namnyima, kwa sababu wewe ulisema." Hakumwita daktari tena.

Salimou aliomba awasindikize, na Mroivili hakukataa. Walivuka kwa jahazi la mizigo, wakashukia bandari kongwe ya Moroni, Rahmati akibebwa mgongoni na baba yake. Hospitalini walimkuta Daktari Elarif, Mngazidja mzee, mwenyeji wa kisiwa kile, aliyesomea udaktari Tananarive. Huyo hakuandika kitu siku ya kwanza. Alipima uzito na kimo, akaomba choo siku tatu mfululizo, akampiga picha ya eksirei baada ya kumtia dawa nyeupe kama chokaa tumboni. Mwisho, mama yake akiwa amemshika mkono, alimchungulia ndani kwa bomba lenye taa. Kila hatua alimweleza Rahmati kwanza, yeye mwenyewe, kabla ya wazazi.

"Utumbo wako mpana una vidonda," alimwambia. "Si uchafu, si mdudu, si kosa lako. Kinga ya mwili wako inaupiga utumbo wako wenyewe, na kwa nini hasa, hatujui. Siwezi kuufukuza ugonjwa huu. Naweza kuutuliza."

Alimpa kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ya kupunguzwa polepole, na vidonge vya salazopirini vya kuutuliza utumbo kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani alimzuia kula? Mtoto huyu hakui kwa sababu ya vidonda na njaa pamoja. Samaki, mayai, muhogo, ale."

"Ni mimi," alisema Salimou.

Daktari alimtazama, akaendelea kuandika.

Damu ilikatika wiki ya tatu. Uso wa Rahmati ulivimba kwa dawa, kisha ukarudi. Mwaka uliofuata aliongezeka kimo vidole vinne, na baadaye akavunja ungo akiwa na miaka kumi na mitano, ingawa ugonjwa ulirudi mara mbili, na mara moja dawa zilikosekana kisiwani miezi miwili.

Salimou alikwenda kwa Mouhidine pia, akamwambia alidanganya. Mouhidine alisema kamati ina mambo makubwa zaidi. Mwezi wa Mei 1978 serikali ile ikapinduliwa, na mjini kote watu wakawa wanaisimulia siku ya mtaro kama ukatili wa kamati. Jina la Salimou halikutajwa. Nyumba ya Mroivili haikumtaja, naye hakujitaja. Hapo ndipo aibu ilipomkaa vizuri, kwa sababu sasa ilikuwa yake peke yake.

Rahmati alipofika umri wa kujichukulia dawa mwenyewe, alikuwa akipanda zile ngazi bila kupumzika. Siku moja Salimou alimkuta benchini, akamuuliza amsaidie nini. Msichana alimwamkia kwa adabu zote.

"Ahsante," alisema. "Namsubiri mama Sittou."

Salimou aliitikia kwa kichwa, akatoka nje, akakaa ngazini juani mpaka alipomwona ameondoka.