Kwa Nini Kaka Aliinua Mguu

Kaka yangu hapatani na namba. Ukimwambia "kushoto nne, mita themanini, kulia mbili," ile themanini ataifanya kona na ile nne ataifanya mita, halafu atakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekosea. Ndiyo maana tulipoanza mashindano ya magari, yeye kwenye usukani na mimi, dada yake, kiti cha pembeni na daftari mapajani, kona tuliziita kwa vyombo vya jikoni kwa mama. Kona ndogo, ile unayoipita bila kuondoa mguu kwenye mafuta, ilikuwa mwiko. Ya kati ilikuwa sahani. Na ile inayozunguka mpaka unakaribia kuona ulikotoka ilikuwa sufuria. "Mwiko kushoto, sahani kulia, mfereji mbele, sufuria!" Nilisoma kwa sauti ile ile ninayofundishia darasa la tatu, naye akaendesha. Ekipi nyingine zilitucheka mpaka tulipozishinda, tena mara mbili.

Nasema ekipi, lakini usifikirie makubwa. Tulikuwa na gari moja kuukuu lenye milango ya rangi mbili, mafundi wawili, na patroni, mwenye garaji hapa Uvira anayeuza vipuri na kupenda kusifiwa. Mashindano yenyewe yalikuwa ya garaji na garaji, Jumapili baada ya ibada, kwenye njia za udongo za mashamba ya zamani ya pamba huko uwandani, kati ya Sange na Katogota. Siku za kazi kaka aliendesha minibasi ya abiria kwenda Sange na kurudi. Mimi nilisahihisha madaftari ya watoto na kuhesabu siku za kufika Jumapili. Sitaficha: nilikipenda kile kiti cha pembeni kupita kiasi. Shuleni nilikuwa mwalimu kama walimu wengine. Mle ndani, mwanaume mwenye nguvu zake hakukata kona mpaka mimi niseme.

Kisha tukapinduka. Ilikuwa karibu na Katogota, kwenye mwiko mmoja wa kulia. Gurudumu likagonga jiwe, gari likabiruka na kutulia juu chini, magurudumu yakizunguka hewani. Mimi nilining'inia kwenye mkanda, macho nimeyafumba kwa sababu ya vumbi, na nilikuwa nimejiuma ulimi. Kaka alikuwa anapiga kelele akiita jina langu. Nilitaka kumjibu, lakini mdomo ulikuwa umejaa damu, nikanyamaza mpaka watu walipotutoa. Sikuvunjika hata kidole. Baadaye hiyo ikawa hadithi yangu ya harusini. Nilisimama katikati ya mashangazi nikamwigiza kaka anavyolia jina langu kama mbuzi aliyeachwa na mama yake, watu wakacheka hadi machozi. Kaka mwenyewe hakuwahi kucheka. Nilidhani anaona aibu ya kupindua gari.

Tangu siku hiyo akawa anainua mguu. Mtu aliye nje haoni, lakini aliyekaa pembeni anajua: injini inashusha sauti kidogo kabla ya kona, pale ambapo haikupaswa kushusha.

"Yaya, nimesema mwiko!" nilimwambia, maana kaka mkubwa kwetu ni yaya.

"Nimesikia."

"Sasa mbona unatosha muguu?"

"Gari iko nzito."

Mafundi wakafungua injini, wakaifunga. Wakabadilisha mafuta, wakabadilisha hewa ya magurudumu. Gari likawa jepesi kama unyoya, na kaka akasema bado ni zito. Tukawa wa mwisho, kisha wa mwisho tena. Patroni alimsifu mbele za watu, haikusaidia. Akamsema mbele za watu, ikawa mbaya zaidi. Akamnunulia glovu mpya za ngozi. Kaka akazivaa siku moja akazitundika. Mchungaji wetu alikuja kuwekea magurudumu mikono na kuomba. Kaka aliitikia amina kwa unyenyekevu kabisa, na Jumapili iliyofuata akainua mguu kwenye kila kona, hata zile ambazo hazikuwa kona. Ugonjwa ukahamia mpaka kwenye minibasi. Mama mmoja mwenye beseni la ndagala, dagaa wabichi wa ziwani, alimwambia kwa sauti abiria wote wasikie: "Shofere, hizi ndagala zilikuwa nzima wakati tunatoka Uvira."

Mimi nilimkasirikia. Nina hasira za karibu, wananijua. Nilimwambia ameridhika na ushindi wa zamani, kwamba amekuwa mvivu wa moyo. Alinisikiliza huku akifuta kioo cha mbele, kioo ambacho kilikuwa kisafi tayari.

Patroni aliponiita garajini peke yangu, nilijua kabla hajafungua kinywa. Alikuwa amepata dereva mwingine, bwana mmoja wa kutoka juu kwenye nyanda, mtoto wa wafugaji, aliyeendesha jeep miaka mingi kwenye matope ya milimani ambako sisi wa ziwani tunashuka na kutembea kwa miguu.

"Yaya yako apumuzike kidogo," patroni akasema. "Weye unaweza kumusomea muntu mwengine?"

Ningeweza kusema nitamuuliza kaka kwanza. Nilisema, "Minye niko naweza." Nilisema haraka hivyo kwa sababu niliogopa kiti kitapewa mtu mwingine. Kaka akapata habari kwa mafundi. Jioni ile hakuniuliza kitu. Aliniambia tu chakula kimefunikwa mezani.

Kuna jambo moja hapa ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Kwa madereva wa malori ya barabara yetu, gari halibadilishi mikono kimya kimya. Dereva anayetoka hukaa kiti cha pembeni safari moja nzima, amwonyeshe anayeingia tabia za gari na ubaya wa njia, wale chakula pamoja njiani, kisha amkabidhi ufunguo kwa mkono wake. Patroni ni mtu wa vipuri, hakulikumbuka hilo. Mimi ni dada wa dereva na binti wa dereva. Nililikumbuka vizuri sana nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na uso wa kukaa nao wawili ndani ya gari moja.

Kwa hiyo nilikwenda mazoezini na daftari letu la zamani. Yule bwana alikuwa mpole, anaomba kabla ya kuwasha gari na anashukuru baada ya kuzima. Nilimfundisha mwiko, sahani na sufuria. Alitabasamu, akavishika upesi. Tukaenda vizuri mpaka karibu na Sange. Nikasoma, "Sahani kushoto!" naye akaipita kama sahani anayoijua yeye, na sahani ya kaka yangu haikuwa hiyo. Tuliruka tuta tukatua katikati ya shamba la mpunga, maji mpaka mlangoni. Akina mama waliokuwa wanapalilia walisimama wakatutazama, kisha mmoja akauliza kama tumekuja kusaidia. Walitusukuma huku wakituimba.

Yule bwana alikaa kwenye tuta, matope mpaka kiunoni, akafungua daftari lililolowa.

"Dada," akasema, "hii haiko barabara. Hii iko macho ya yaya yako. Alikukabidhi?"

Nikasema hapana.

"Na gari?"

Nikasema hapana tena. Akafunga daftari taratibu akanirudishia.

Kesho yake alikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Songo, na bidoni la maziwa. Akamwamkia mama, akampa maziwa, akakaa mkekani mbele ya kaka.

"Ndugu, nimekuja unikabidhi. Minye siwezi kushika usukani ya muntu bila mwenyewe kunipatia."

Kaka akanigeukia mimi, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Patroni anasema mulianguka. Wapi?"

"Mu muchele, mbele ya Sange."

"Uliumia?"

"Hapana."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kama anayekagua mtoto aliyetoka kucheza. Ndipo akainuka kutafuta viatu.

Tulikwenda watatu. Yule bwana akashika usukani, kaka akakaa kwenye kiti changu, na mimi nikakaa nyuma juu ya gurudumu la akiba, nimeshika vyuma. Kaka alikabidhi kama inavyotakiwa. Alisema giya ya tatu inataka kubembelezwa, breki zinavuta kulia zikipata joto, hapa mvua ikinyesha usiamini majani. Huko Sange tukasimama tukala mihogo na samaki kwenye sahani moja. Njia nzima sikusikia gari likiwa zito. Nilisikia mtu anayeijua kazi yake na anayeipenda bado, na hilo lilinichanganya.

Tulipofika Katogota, kwenye ile kona, akasema, "Simama."

Tukashuka. Jiwe lilikuwa bado lipo kando.

"Hapa iko mwiko," akamwambia yule bwana. "Mwiko ya kweli. Unapita muguu chini, usiogope."

"Sasa weye, mbona ulikuwa hauipite?" Yule bwana aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia.

Kaka alipiga udongo kwa ncha ya kiatu. Hakuniangalia.

"Minye kila nikifika hapa namuona huyu. Ananing'inia hewani, damu inamutoka mu kinywa. Namuita, hanijibu. Namuita tena, hanijibu. Sasa akisoma kona yoyote, ile sauti yake ikiingia mu masikio, naona ile damu. Muguu unatoka wenyewe. Gari haikuwa nzito."

Nilikuwa nimesimama pale na kofia ngumu mkononi. Nilikumbuka harusi zote nilizomwigiza, na yeye amekaa pale pale na soda yake. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa hasira, kama kawaida yangu.

"Miezi yote hii, yaya! Mbona haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeshuka."

"Si ningeshuka, basi!"

"Ndiyo," akasema. "Na weye unapenda kile kiti kuliko minye napenda usukani."

Nikakaa chini kwenye majani nikalia. Alikuwa amekubali kuwa wa mwisho, akasemwa na patroni, akachekwa na wauza ndagala, akaitwa mvivu wa moyo na mimi mwenyewe, ili mimi nisiambiwe nishuke. Nilimpenda sana pale kandokando ya njia, na nilitamani kumpiga. Yule bwana wa nyanda alikwenda mbali kidogo akajifanya anatazama magurudumu.

Nilipomaliza kulia nilimwendea yule bwana nikamvika ile kofia yangu. Ilimbana masikio. Nikampa na daftari.

"Musomee," nikamwambia. "Na usome kwa sauti, hasikii vizuri akiwa na kasi."

Kaka alitaka kubisha. Nikamwonyesha usukani kwa kidole, kama ninavyowaonyesha watoto kiti chao. Akaingia.

Walirudi nyuma mpaka mwanzo wa njia, nami nikasimama ng'ambo ya kona, mbali na lile jiwe. Sikuwa nimewahi kulisikia gari letu kutoka nje. Nililisikia likija kwa mbali, likikaribia, na lafudhi ya nyanda ikipaza "Mwiko! Mwiko kulia!" kama mahubiri. Nikangoja ile sauti ya injini ishuke. Haikushuka. Walinipita na vumbi lao, mguu chini, wakaenda mpaka sikuwaona tena. Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu, na papo hapo nikaumia, kwa sababu kiti kile kilikuwa na mtu na mambo yalikwenda sawa.

Patroni alipoyasikia alikuna kichwa, akaamua madereva wawe wawili, kwa zamu. Yule bwana na mimi tuna daftari letu sasa, na kona tunaziita kwa pembe za ng'ombe wa kwao. Tukikimbia sisi, kaka hatazami. Hujipa kazi nyuma ya garaji mpaka aambiwe nimeshuka. Zamu yake ikifika, husomewa na mwenzake.

Lakini siku ile kule Katogota aliporudi, alizima gari akabaki amekaa, mikono bado kwenye usukani, uso umefunguka. Nikainama dirishani.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Unakasirika?"

"Sana," nikasema, na ilikuwa kweli. "Usinirudishe mu kile kiti pembeni yako, yaya. Hata nikikuomba."

Tangu hapo nimemwomba mara mbili. Zote mbili amenikatalia.