Honi ya Tatu

Kuna watu wakikuahidi kitu, afadhali wangekutukana. Mume wa mshonaji alikuwa mmoja wao. Si kwamba alikuwa mwongo. Mwongo unamzoea, ukajua pa kumkatia. Huyu alikuwa mkweli, akisema atafanya, atafanya. Ila lini, hilo alilijua yeye na Mungu wake.

Alikuwa dereva wa basi la shule tangu nywele zake ziko nyeusi. Watoto walimpachika jina la Breki, maana hapakuwa na tuta, kuku wala kivuli ambacho hakukifungia breki. Jina likamganda, hata mke wake akawa analitumia akiwa na hasira. Asubuhi alipita nyumba kwa nyumba, na kila geti alipiga honi mara mbili. Ya kwanza ya kumwita mtoto, ya pili ya kumuaga. Ya tatu haikuwepo. Mtoto awe wa mkurugenzi au wa mfagizi, honi mbili zikiisha, Breki huyo anaondoka. Siku moja alimwacha hata binti yake wa kumzaa, amesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na mshonaji akamtembeza mtoto kwa miguu hadi shule huku wote wawili wanalia. Jioni mke alipomuuliza, Breki alisema, "Kesho atawahi." Na kesho yake kweli mtoto aliwahi, basi mzee akajiona ameshinda.

Binti akakua, akaolewa na fundi umeme katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Siku ya harusi yule mkwe, kijana mcheshi asiye na baya, alimshika mzee mkono akamwambia mbele za watu, "Baba, ukistaafu usihangaike. Chumba chako kipo kwetu. Utakula, utalala, kazi yako itakuwa kusinzia tu." Watu wakacheka. Breki hakucheka. Walipofika nyumbani akavua koti, akasema, "Kaniita mzigo. Sitalala chini ya bati la yule kijana mpaka naingia kaburini."

"Alikuwa anakutania, mzee."

"Akufukuzaye hakwambii toka, mama watoto." Alimwita hivyo siku zote, ingawa mtoto walikuwa naye huyo huyo mmoja.

Basi kile kikawa kijiba cha moyo. Shule ilipomstaafisha, ikalistaafisha na basi lake, na yeye akalinunua kwa bei ya chuma chakavu, akalileta nyumbani akaliegesha ubavuni mwa nyumba, likaziba dirisha la chumbani. Mshonaji akafungua dirisha, akakutana uso kwa uso na rangi ya njano. "Nalifanya nyumba," Breki alimwambia kupitia dirishani. "Kitanda, jiko, sinki, kila kitu. Tutakwenda kwa binti tuegeshe nje ya geti lake. Tutalala kwetu, tutapika kwetu, asubuhi tunapiga hodi kama watu wazima."

Tuseme ukweli, mshonaji alifurahi. Miaka yote mume wake alibeba watoto wa watu, na kanuni ya shule ilikuwa asipande mtu mzima, kwa hiyo yeye hakuwahi kukalia hata siti moja ya basi lile. Alishona mapazia ya maua madogo ya bluu, akapima kila dirisha kwa mkono wake, akashona na foronya za kufanana nayo. Alimpigia binti simu akamwambia, "Baba yako anatengeneza nyumba ya magurudumu," na wakacheka wote.

Siti ziling'olewa, zikarundikwa uani. Chini yake zilitoka penseli, vibanio vya nywele na mikate iliyokauka ikawa mawe. Grenda ikalia asubuhi hadi jioni, majirani wakachoka. Kisha Breki akaanza kutafuta vifaa, na hapo ndipo kichekesho kilipogeuka. Kila alichokitaka ndani ya basi alikiona tayari kipo ndani ya nyumba. Kwa nini anunue? Akang'oa sinki la jikoni, mshonaji akaanza kuosha vyombo kwenye beseni nje. Akabeba kabati la vyombo. Akatoa mlango wa stoo, akaukata ukawa meza ya kukunja. Mwisho akaingia chumbani na msumeno, akapunguza kitanda chao cha ndoa upande mmoja ili kipite kati ya matairi ya nyuma, halafu akaona bado hakijakaa sawa, akakirudisha chumbani kusubiri. Wakawa wanalala kwenye kitanda kilichokatwa, wawili wamebanana, mmoja akigeuka mwingine anaanguka.

"Nyumba tunayokaa unaibomoa ili ujenge ambayo hatukai," mshonaji alimwambia.

"Vumilia. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Breki alichukua brashi akaandika kwenye bampa, kwa herufi zake nzuri za kunyooka: KAWIA UFIKE.

Binti akashika mimba ya kwanza. Mshonaji alitaka kuwapo mtoto akizaliwa, kama mama yoyote. Siku zilipotimia, giaboksi ilikuwa chini, vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia. Mtoto akazaliwa, msichana, mshonaji akamwona kwenye simu. Akamwona akiota meno kwenye simu, akitambaa kwenye simu, akitembea kwenye simu. Kila mara Breki alisema kimebaki kitu kidogo. Na kweli kilikuwa kidogo, na baada yake kilikuja kidogo kingine. Basi lilipakwa rangi nyeupe, halafu njano ikatokeza kwenye kona, likapakwa tena.

Mimba ya pili ilikuja na shida. Presha ilipanda, miguu ikavimba, daktari akasema binti asishuke kitandani. Binti alimpigia mama yake kwa sauti ambayo mshonaji hakuwa ameisikia tangu ile siku ya kiatu mkononi. "Mama, njoo. Panda tu basi la abiria, uje wewe. Naogopa."

Mshonaji alifunga begi siku ile ile. Alimkuta Breki ndani ya basi, amelala chali chini ya sinki, anafunga bomba.

"Kesho naondoka, mzee. Nakwenda kwa mtoto."

Breki alitoka chini ya sinki taratibu. "Limebaki bomba hili tu."

"Utanikuta huko."

"Ukalale wapi? Kwa yule?" Alikaa sakafuni, akajifuta mikono kwenye suruali. Kwa mara ya kwanza mke wake aliona jinsi alivyozeeka, mashavu yamemwingia ndani. "Nimejenga hivi kwa ajili ya nani, mama watoto? Ukipanda basi la watu, hili nalipiga kiberiti. Wiki moja. Nakuomba."

Hapo sasa. Mtu anaweza kumlaumu mshonaji, na yeye mwenyewe alijilaumu hadi akakonda. Begi lilikuwa mkononi. Stendi haikuwa mbali. Lakini alimwangalia yule mwanamume amekaa sakafuni katikati ya mapazia yake ya bluu, huruma ikamshika, akaweka begi chini. Alimwambia binti, "Wiki moja tu, mwanangu, tunakuja wote na baba yako." Upande wa pili wa simu binti akasema, "Sawa, mama."

Bomba lilivuja. Breki akalifungua upya, maji yakawa yamelowesha plaiwudi, plaiwudi ikavimba, ikabidi ibadilishwe. Wiki ikazaa nyingine. Mshonaji alikaa kwenye cherehani akishona nguo ndogo, akizikunja, akizitia kwenye begi ambalo vitu vyake hakuvitoa tena.

Waliondoka alfajiri moja yenye ukungu. Breki alivaa shati lake la kazi, akazunguka basi akiangalia kila tairi, akakaa kwenye usukani kama bwana harusi. Mshonaji alikaa kwenye siti pekee iliyobaki, nyuma ya dereva. Ile ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza katika basi lile. Malori yaliwapita, mabasi ya abiria yakawapita yakipiga honi, hata pikipiki iliyobeba magunia ya mkaa iliwapita. Breki alifunga breki kwa kila kivuli.

Mshonaji alimpigia binti, simu ikaita bila kupokewa. Akampigia mkwe, mkwe akapokea, akauliza tu, "Mama, baba ndiye anaendesha?" Alipoambiwa ndiyo, akasema, "Njooni taratibu. Tupo." Mshonaji hakuipenda ile sauti hata kidogo.

"Ongeza mwendo, mzee."

"Tutafika."

Mchana Breki aliegesha pembeni ya barabara. Mshonaji alidhani gari limeharibika. Kumbe mzee alitaka chai. Akafungua mtungi wa gesi, akawasha jiko lake, akabandika maji, akafungua bomba lake likatoa maji bila kuvuja. "Umeona?" alisema. "Barabarani, na tuko nyumbani kwetu." Akammiminia mke wake kikombe. Mshonaji alikishika mpaka kikapoa, akakimwaga dirishani, kati ya pazia na pazia.

Walifika jua limeinama. Nje ya geti la mkwe palikuwa na viti vya plastiki vimepangwa, na wanawake wachache wanaagana kwa sauti za chini. Mshonaji alijua maana ya viti vile kabla basi halijasimama. Alishuka, akashika kioo cha pembeni.

Mkwe alitoka akafungua geti lote, mabawa yote mawili, ili basi lipite. "Karibuni," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mtoto tulimzika jana, mama. Wa kiume. Jana sikuweza hata kushika simu, na leo nilishindwa kusema, niliogopa baba atasikia akiwa kwenye usukani."

"Na mwanangu?"

"Yupo ndani. Mzima, ila hana nguvu."

Mlangoni alisimama msichana mdogo mwenye kidole mdomoni. Alimwangalia mshonaji kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe ni bibi wa kwenye simu?" aliuliza. Mshonaji alitaka kumkumbatia, mtoto akarudi nyuma, akajificha kwenye miguu ya baba yake.

Binti alilala ubavu, ameelekea ukutani. Mama yake alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika bega, akalia kilio kilichokuwa kimemkaa kifuani njia nzima. Binti hakulia. Huenda machozi yalikuwa yameisha. Kupitia dirishani ulionekana ubavu mweupe wa basi, na pazia la bluu.

"Nilikuita wewe, mama," alisema. "Sikuita nyumba."

Mshonaji alimvutia shuka hadi begani.

Baadaye mkwe alimwonyesha pa kulala. Kilikuwa chumba kidogo cha nyuma, kina kitanda kipana cha watu wawili, na godoro ambalo nailoni yake ya dukani haijatolewa. Juu yake vumbi lilikuwa limefanya utando. "Tuliwaandalia tangu mtoto wa kwanza," mkwe alisema kwa aibu, akaanza kuichana ile nailoni. "Baba alidhani natania. Mimi sina baba, mama. Nilisema kweli." Mshonaji alisikia hasira ya ajabu, hakujua amkasirikie nani, wafu hawakasirikiwi na mumewe alikuwa nje anatafuta pa kuegesha palipo sawa.

Breki alilala basini. Mkwe alimpelekea chakula kwenye sinia, akainama kwa adabu, akasema, "Baba, kula." Breki akamjibu ana jiko lake. Ila jiko hakuliwasha. Usiku wa pili sinia lilirudi tupu. Ndani ya nyumba hakuingia, alisimama tu kwenye kizingiti asubuhi, akampa binti yake pole, akabana kofia kwapani, akatoka. Binti alimwitikia, "Asante, baba," kama anavyoitikiwa jirani.

Juma likapita, Breki akamwita mke wake getini. "Tuondoke. Tumeshawapa pole."

"Mimi siondoki mpaka huyu asimame kwa miguu yake. Na akisimama sijui."

"Na nyumba nani ataiangalia?"

"Nyumba ipi, Breki? Ile uliyoing'oa, au hii uliyoileta?"

Breki alimwangalia kama hamjui. Kisha akasema, "Kesho asubuhi naondoka. Wewe fikiri."

Asubuhi mshonaji alikuwa jikoni akimnywesha mjukuu chai, kijiko kwa kijiko, maana mtoto alikuwa ameanza kumkubali kidogo. Kwenye sinki maji yalikuwa yanatiririka juu ya vikombe. Nje injini ikawaka, ikanguruma, ikatulia. Kisha ikasikika honi.

Mtoto akainua kichwa. "Basi linaita, bibi."

"Nimesikia. Kunywa."

Ikalia ya pili. Mshonaji aliweka kijiko chini, akasikiliza. Alimjua mtu wake. Sasa ataingiza gia, klachi itasaga kidogo, na matairi yataanza kusogea kwenye changarawe, kama yalivyowaacha watoto wote waliochelewa, hata binti yake na kiatu mkononi. Alisubiri kile kishindo cha changarawe. Hakikuja. Injini iliendelea kunguruma pale pale, muda mrefu, mpaka mkwe akachungulia dirishani.

Ikalia honi ya tatu.

Binti aliisikia kutoka chumbani. Aliita, "Mama?" Na mshonaji akasimama, akafunga bomba la sinki, akaenda chumbani kwa mwanawe.