Mlangoni kwa Mwalimu wa Nyimbo

Juzi sokoni Karurumo nilipita kando ya mama anayesuka kamba, nikanusa mkonge uliolowa maji. Nikasimama hapo nikasahau nilichotaka kununua.

Nikiwa kidato cha pili tulivaa sketi za mkonge kwenye tamasha la muziki. Mwalimu wetu wa nyimbo ndiye aliyetufunga kiunoni, akikaza fundo hadi tunapiga kelele. Mwaka huo alipewa uhamisho wiki moja kabla ya mashindano.

“Mwalimu, na sisi je?” tulimuuliza.

“Wimbo mnaujua,” akasema, akaingia kwenye pikapu iliyobeba godoro lake.

Mwalimu mpya, kijana mpole, alitupeleka mashindanoni, tukashinda. Tulizoea kupeleka kila kikombe mlangoni kwa mwalimu wetu, tukiimba, naye alikuwa akitoka na leso begani na kucheza. Jioni hiyo tukajikuta tumefika pale pale, tukiimba. Nyumba ilikuwa ya shule; aliyefungua ni mke wa mwalimu mpya, mtoto mgongoni. Tukakatiza wimbo.

Mumewe akatokea nyuma yake.

“Mwimbieni tu mwalimu wenu,” akasema. “Sisi tutasikiliza.”

Tukauimba wote hadi mwisho. Hakuna aliyecheza.