Wamboga, dereva wa vitunguu aliyesimama katikati ya mbio

Saa moja na robo asubuhi, Jumapili, Geresom Wamboga anafuta kioo cha Datsun namba 23 kwa shati lake mwenyewe. Kioo ni safi. Anakifuta tena.

Mbele yake, kwenye barabara ya vumbi inayoingia mashamba ya miwa mashariki ya Jinja, Uganda, magari ya mashindano yanaachiwa moja moja, kila baada ya dakika mbili. Watu wa mtaa wa Walukuba wamekuja kwa miguu tangu alfajiri. Mmoja anapaza sauti kuuliza kama namba 23 amebeba kabichi.

"Leo nimembeba Mutwalibu," Wamboga anamjibu dirishani. "Ni mzito kuliko kabichi!"

Mutwalibu, muuza vipuri wa Walukuba, ndiye mwenye gari. Amekaa kushoto, daftari mapajani. Kazi yake ni kumsomea dereva kona kabla hazijafika. Bendera inashuka, na Datsun inatoweka ndani ya vumbi lake.

Ni Septemba 1990, na hii ni mara ya kwanza Wamboga kushindana. Klabu ya mbio za magari imempa leseni ya majaribio ya mbio mbili. Asipomaliza hata moja ndani ya muda uliowekwa, leseni inachukuliwa, na hapewi nyingine.

Siku za kazi anaendesha pikapu ya mfanyabiashara wa Mbale, kwao. Mara tatu kwa wiki anashusha vitunguu na kabichi Jinja. Ana miaka 28, na amekaa kwenye usukani tangu akiwa na 19.

Hamu ya mbio ni ya zamani zaidi. Mwaka 1971, akiwa na miaka tisa, alibebwa mabegani na baba yake kutazama magari ya mashindano yakipita Mbale. "Nilikula vumbi nikashiba," anasema. "Nikamwambia mzee, mimi nataka ile kazi."

Miaka iliyofuata, gari lililopita Mbale kwa kasi lilikuwa limebeba watu wanaokimbia, au watu wanaowafukuza. Ikawa hivyo mwaka 1972. Ikawa hivyo 1979, ikawa hivyo 1985. Kila aliyeingia madarakani alitangaza kwamba barabara sasa ni ya wananchi, kisha akaweka gogo katikati yake.

Mwaka 1987 Wamboga alihesabu vizuizi vya askari kumi na kimoja kati ya Mbale na Jinja. Safari ya saa tatu ilikula siku nzima. Leo vimebaki sita, na wakubwa wanataka washukuriwe kwa vile vitano vilivyoondolewa.

"Kiswahili changu nimefundishwa kwenye kizuizi," anasema. "Neno la kwanza ni simama. La pili ni shuka. Hayo mengine nimejifunza kwa kuomba."

Pikapu hiyo aliirithi kutoka kwa Gidudu, dereva aliyemtangulia. Juni 1987 breki zilimkatalia Gidudu kwenye mteremko, akapita kizuizi bila kusimama. Mlango ulikutwa na matundu saba ya risasi. Hakuna aliyeulizwa, na jina la aliyepiga halikuandikwa popote. La Gidudu linaandikwa hapa.

Tangu siku hiyo Wamboga ana utaratibu wake, na hauvunji. Akiona bunduki na mkono ulioinuliwa, anasimama, anazima injini, anashusha kioo, anatoa kibali cha udereva na kadi ya gari, kisha anasalimia. Kufikia mwaka huu, anasema, hayo yote anayafanya bila kufikiri.

Ndivyo ilivyotokea kilomita ya kumi na nne, upande wa Wanyange.

Kwenye kona ya kulia alikuwepo askari aliyewekwa kuzuia watu wasiingie barabarani. Bunduki begani, akawainulia watazamaji mkono ili warudi nyuma. Namba 23 ikatokea kwenye miwa kwa mwendo wa kilomita mia kwa saa. Mutwalibu alikuwa ameshasoma: "Kulia, nyepesi, kanyaga!"

Wamboga akafunga breki. Datsun ikateleza, ikanyooka, ikasimama mbele ya askari. Injini ikazimwa. Kioo kikashuka. Mkono ukatoka na karatasi mbili.

"Habari ya kazi, afande."

Askari akatazama karatasi, akatazama namba mlangoni. "Wewe iko mashindano?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa nasimama ya nini? Kwenda! Kwenda, bwana!"

Umati ulikuwa umeshaangua kicheko. "Mpe ya chai!" wakapiga kelele. "Afande, pekua buti, iko kabichi!"

Mutwalibu hakucheka. "Wamboga, washa gari. Ndugu yangu, nakuomba kwa jina la Allah, washa gari."

Injini iliyochemka ikakataa kuwaka. Ikalala mara tatu, ya nne ikashika. Zikapotea dakika mbili na sekunde kumi. Walipofika mwisho walikuwa wamezidisha muda kwa sekunde hamsini. Kwenye orodha ya waliomaliza iliyobandikwa saa tisa, namba 23 haikuwepo.

"Nilimwona askari, na nilijua ni mashindano," anasema Wamboga. "Vyote viwili nilivijua. Mguu haukuniuliza."

Imebaki mbio moja, ya Desemba. Kwa hiyo kila Jumapili jioni Mutwalibu anasimama kwenye njia ya miwa, fimbo begani, anainua mkono, na Wamboga anampita kwa kasi bila kugusa breki. Mwezi wa kwanza wa zoezi alisimama karibu kila mara. Jumapili iliyopita alipita mara nane, akasimama moja.

Watu wa Jinja wanaliona zoezi hilo kuwa kichekesho. Nafuna, mke wa Wamboga, anayeuza nyanya mtaa wa Namakwekwe, Mbale, halioni hivyo. Mguu unaofundishwa Jumapili kupita ndio unaopanda pikapu Jumatatu, na vile vizuizi sita havina mchezo.

"Nilimwambia acha hayo mambo," anasema. "Akakaa siku mbili bila kula. Basi nikaona mume wangu ameacha mangapi kwa sababu ya hawa watu? Hili asiache."

Siku za safari sasa anamwachia jirani meza ya nyanya na kupanda pikapu na mumewe, mpaka Desemba ipite. Anakaa kiti cha mbele, kushoto, na hasinzii. Gogo la kwanza linapotokea mbele yao, anaweka mkono kwenye goti la mumewe.

"Simama, baba," anamwambia. "Hapa simama."